Mgonjwa wa Akili Masumbwe Aanzie Wapi?

Masumbwe ni mji wa njiani. Malori yanayotoka Kahama kuelekea Rusumo hupita hapa usiku na mchana, na nyuma ya safu za maduka pikipiki hukata vumbi kwenda kwenye maduara ya dhahabu ya Wilaya ya Mbogwe. Mtu akianza kusema peke yake, akavua nguo sokoni, au akajifungia ndani wiki nzima bila kula wala kuoga, ndugu zake hupewa ushauri wa kila namna kabla jua halijazama. Apelekwe kwa mganga. Apelekwe kwenye maombi. Apelekwe kituo cha afya. Ikusanywe nauli apelekwe Mirembe. Na kila mshauri ana mtu anayemjua aliyepona kwa njia hiyo anayoitetea.

Mkanganyiko huu haukuletwa na wananchi peke yao. Sera inasema huduma za afya ya akili ni sehemu ya huduma za msingi kuanzia zahanati. Mwananchi akilisikia hilo redioni huamini kuwa daktari wa kituo atamtibu ndugu yake kama anavyotibu malaria. Akifika, huenda akamkuta mtoa huduma anayeijua kazi hiyo na dawa anazo, au akamkuta anayeandika rufaa bila hata kumpima mgonjwa joto. Yote mawili hutokea, wakati mwingine katika kituo kilekile, miezi miwili tofauti.

Tuliweke sawa jambo moja kwanza. Wengi wanaoitwa madaktari katika zahanati zetu ni matabibu, waliosoma stashahada ya miaka 3. Kituo cha afya huweza kuwa na daktari mwenye shahada, ila huyohuyo ndiye anayefanya upasuaji wa wajawazito, anayepitia wodi na anayeitwa kwenye vikao vya halmashauri. Kwa hiyo tunapouliza kama daktari wa kituo anapaswa kutibu ugonjwa wa akili, tunazungumzia tabibu mwenye foleni mlangoni na daktari mmoja mwenye kazi za watu watatu. Hoja yoyote isiyoanzia hapo inaelea hewani.

Mirembe, na jaribio lililosahaulika

Tiba ya kisasa ya akili katika nchi hii ilianza kwa kuwaweka watu mbali. Wamisionari wa Kijerumani waliifanya Lutindi, juu ya milima ya Usambara, kuwa makazi ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Waingereza nao wakafungua hospitali Dodoma mwaka 1927, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Karibu yake ipo Isanga, ya wagonjwa waliopitia mahakamani. Mpangilio huo uliingia vichwani mwetu kiasi kwamba jina la hospitali likageuka tusi. Mtu wa Masumbwe asiyewahi kufika Dodoma anajua maana ya kuambiwa anafaa Mirembe.

Baada ya uhuru vilianzishwa vijiji vya kilimo vya kuwarudisha wagonjwa kwenye maisha ya kawaida, kama Hombolo. Kisha likaja jambo ambalo mjadala wa leo unalisahau kabisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda mfupi baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu huduma za msingi, Tanzania kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark iliendesha mpango wa kuingiza tiba ya akili katika zahanati na vituo vya afya, ikianzia Kilimanjaro na Morogoro. Watumishi wa vijijini walifundishwa kuyatambua magonjwa machache makubwa, wakapewa dawa chache, na wakawa na msimamizi wa kuwatembelea. Shirika hilohilo lilipotoa mpango wake wa kimataifa mwaka 2008, na mwongozo wa tiba kwa wasio mabingwa mwaka 2010, mengi yaliyokuwamo humo, Morogoro ingeweza kuyatambua kama yake.

Kilichofuata kinajulikana kwa yeyote aliyeishi nchini miaka hiyo. Uchumi ulibana, fedha za wafadhili zikapungua, uchangiaji wa gharama ukaanza katika miaka ya 1990. Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili alishiriki kuandika tathmini ya safari hiyo mwaka 1998, na suala kubwa lilikuwa namna ya kuanza upya kwa uwezo wetu wenyewe. Kilichosalia mikoani ni cheo: mratibu wa afya ya akili, mara nyingi muuguzi, mara nyingi hana chombo cha usafiri. Kwa hiyo anayesema leo kwamba jambo hili ni geni kwetu anakosea, na anayesema lilishindikana kwa sababu watumishi wa chini hawawezi naye anakosea. Lilitetereka magurudumu, dawa na usimamizi vilipokatika.

Wanaosema kazi ni ya kituo

Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu, na haina jibu rahisi. Madaktari bingwa wa akili nchini wanahesabika kwa makumi, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Mkoa wa Geita peke yake una watu karibu milioni 3. Hata tukisomesha mabingwa kwa kasi kubwa kuliko ya sasa, kizazi kizima kitapita kabla bingwa hajapangiwa kituo cha Masumbwe.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mgonjwa tayari yupo kwenye foleni. Utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kuwa asilimia 24 ya waliokuja kliniki za msingi walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Hawakuja kwa ajili hiyo. Walikuja kwa sababu ya kichwa.

Chukua ziara ya kawaida ya namna hiyo. Mama anakaa kwenye kiti, anasema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, moyo unamwenda mbio, usingizi haupatikani, mwili hauna nguvu. Tabibu anaandika vipimo. Malaria hakuna. Mkojo una chembechembe kidogo, basi ni UTI. Kipimo cha Widali kimesoma kitu, basi na taifodi ipo. Mama anaondoka na antibayotiki mbili, parasetamoli na vidonge vya tumbo. Baada ya wiki mbili anarudi, dawa zinabadilishwa. Hakuna aliyemuuliza mume yuko wapi tangu duara lilipoporomoka, wala anadaiwa kiasi gani. Gharama ya kutouliza imehesabiwa kama gharama ya taifodi, na imetoka mfukoni mwake.

Hoja ya tatu inahusu magonjwa mengine. Utafiti wa wanawake wenye VVU Dar es Salaam, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa waliokuwa na dalili za sonona walizidiwa haraka na kufa zaidi kuliko wenzao. Mwenye sonona huruka dozi. Kliniki ya tiba na matunzo isiyouliza habari za moyo wa mgonjwa inazipoteza dawa zake yenyewe. Na kifafa, ambacho kwa utaratibu wetu kinahudumiwa pamoja na magonjwa ya akili, hutulia kwa wagonjwa wengi kwa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo ambayo tabibu akielekezwa anaweza kuianza na kuifuatilia. Mtoto wa kifafa asiyetibiwa huangukia motoni. Jeraha la moto litamleta kituoni kwa vyovyote.

Udhaifu wa upande huu uko kwenye imani yake kubwa kwa semina. Jaribio lililofanywa Kenya na kuchapishwa 2013 liliwapa watumishi wa vituo vya msingi mafunzo ya saa 40, kisha likalinganisha vituo vyao na vingine visivyopata mafunzo. Wagonjwa wa vituo vilivyofundishwa walipata nafuu zaidi, lakini uwezo wa watumishi kuutambua ugonjwa wa akili haukuonekana kuongezeka. Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Huenda mafunzo yaliwafanya watumishi wawasikilize watu wote vizuri zaidi, hata wasipoandika jina la ugonjwa. Huenda pia dakika tano za foleni hazimtoshi yeyote kugundua kitu ambacho mgonjwa mwenyewe hajakitaja. Kwa vyovyote, cheti cha semina ukutani hakionyeshi kwamba huduma ipo.

Wanaosema waachiwe mabingwa

Upande huu hupuuzwa na watu wa sera, na si haki. Anayevurugikiwa ghafla anaweza kuwa na ugonjwa wa akili wa kudumu, au homa imepanda ubongoni, au ni msongo uliopita kiasi baada ya msiba. Tiba za hali hizo ni tofauti. Dawa ya kutuliza mabadiliko makubwa ya hisia, lithiamu, inahitaji kupimwa kiwango chake katika damu, na maabara ya kituo haikipimi. Mjamzito, mtoto, mzee anayesahau: kila mmoja ana mitego yake.

Tena kuna madhara ambayo asiyezoea hawezi kuyatarajia. Kijana akichomwa haloperidoli, shingo inaweza kukakamaa na macho yakageukia juu saa chache baadaye. Aliye na uzoefu hutoa dawa ya kulegeza na hali hiyo hutulia upesi. Asiye na uzoefu, au asiye na dawa hiyo kabatini, huwaacha ndugu wakitazama. Wao wanaona shetani amekasirika. Hawatarudi, na watasimulia.

Lakini njia ya mabingwa ina bei ambayo mabingwa hawailipi. Kutoka Masumbwe hadi Dodoma ni Kahama, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, katika basi lenye abiria wasiopenda kukaa karibu na mtu anayepiga kelele. Wapo wanaofungwa kamba mikono kwa safari yote. Msindikizaji analala wapi, anakula nini? Na mgonjwa akitulia akarudi, dawa za kuendelea anazipata wapi ikiwa zahanati ya kwao haihusiki? Anarudi alikotoka ndani ya miezi. Hospitali kubwa isiyo na kituo cha kuipokezea wagonjwa huwatibu watu walewale mara kwa mara.

Masumbwe ina tatizo lake la ziada, la ramani. Hadi 2012 ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, chini ya Bukombe. Ulipoundwa Mkoa wa Geita ikaingia Wilaya mpya ya Mbogwe. Rufaa za kiutawala zikaelekea Geita, na juu yake hospitali za kanda, Chato na Bugando kule Mwanza. Mabasi, biashara na ndugu vikabaki Kahama, ambako ni karibu zaidi. Mgonjwa wa akili huwa haendi na barua. Huenda na ndugu, na ndugu huenda anakopajua. Taarifa zake zinabaki upande mmoja wa mpaka na yeye upande mwingine.

Kazi ya kuzungumza

Kuna kundi la tatu, linalosema daktari asibebeshwe mazungumzo kabisa. Harare, Daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa kina bibi wa mtaani waliofundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kulitatua tatizo moja kwa wakati. Jaribio lililohusisha kliniki 24 za jiji hilo, lililochapishwa 2016, lilionyesha nafuu ya wazi kwa waliokaa benchi. Jirani zetu Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi waliongoza vikundi vya wenye sonona kwa wiki 16, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalikuwa mazuri kiasi cha kuwashangaza waliodhani tiba ya mazungumzo ni mambo ya Ulaya.

Tanzania ina nguvu kazi ya kuanzia. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Ila wahudumu hao tayari wamebebeshwa uzazi, lishe, malaria na kifua kikuu. Tena mhudumu ni jirani: mama wa Nyakafuru, wilayani Mbogwe, anayepigwa na mumewe hatamweleza mtu anayechota maji naye kisima kimoja. Na kinachofaa kwa sonona hakimfai anayesikia sauti zinazomwamuru aue. Kundi hili lina jibu zuri kwa nusu ya tatizo, na kwa nusu ya pili halina jibu.

Waganga na maombi

Utafiti uleule wa Ilala uliwapima pia waliokwenda kwa waganga wa jadi. Huko wenye matatizo ya akili walikuwa asilimia 48, mara mbili ya waliokuwa kliniki. Kwa wengi mganga ndiye mlango wa kwanza, sera ipende isipende. Usukumani na Usumbwani sababu si ngumu kuziona. Mganga ana muda. Ana nafasi ya kumlaza mgonjwa pamoja na ndugu. Na analijibu swali ambalo tabibu halijibu kamwe, la kwa nini balaa hili limemwangukia huyu na lisimwangukie mwingine.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua. Mwaka 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni zao. Kazi haikukoma, ilijificha. Magharibi mwa Afrika wamejaribu njia nyingine: utafiti wa Nigeria na Ghana, uliochapishwa 2020, uliwaweka watumishi wa afya ya msingi kuwatibu kwa dawa wagonjwa waliolazwa kwa waganga na kwenye nyumba za maombi, bila kuwaondoa pale. Wagonjwa hao walipata nafuu zaidi kuliko wale walioachiwa waganga peke yao.

Je, yafaa kuiga hivihivi Mbogwe? Hapa ukanda wetu una doa lake. Jibu la mganga kwa swali la kwa nini mara nyingi ni jina la mtu, na mtu huyo mara nyingi ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe. Panga hufuata. Ushirikiano wowote na waganga ambao hautaji wazi kwamba hakuna kumtaja mchawi, hakuna minyororo, na dawa za hospitali zisikatizwe, utakuwa ni serikali kuweka muhuri juu ya hatari. Masharti hayo matatu yakikubaliwa, kumfuata mgonjwa alipo kuna maana zaidi kuliko kumsubiri kituoni.

Zebaki

Hoja zote nne zilizotangulia zingeweza kuandikwa kuhusu Njombe au Lindi. Kinachozibadilisha uzito Masumbwe ni dhahabu.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha mchanga kwenye mwalo, hukamatisha chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha hulichoma donge hilo juu ya makaa, mara nyingi uani, watoto wakizunguka. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni na kufika kwenye ubongo. Anayeuvuta kwa miaka huanza kutetemeka mikono. Hukosa usingizi. Husahau. Huwa mkali bila sababu, au hujitenga na watu kwa aibu isiyoeleweka. Mate hujaa kinywani. Tazama orodha hiyo ukiondoa mate na mikono: ni sonona, ni wasiwasi, na kwa jirani asiye na subira ni mtu aliyerogwa.

Kijiji cha Rwamagasa, Geita, kilichunguzwa katika miaka ya 2000 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuangalia zebaki katika uchimbaji mdogo, na dalili za sumu hiyo zilionekana miongoni mwa wachomaji. Linalopaswa kumvutia tabibu ni aina ya vipimo. Pamoja na damu na mkojo, watu walipimwa kwa kugonga penseli kwenye karatasi kwa kasi, kupanga njiti za kiberiti, kurudia tarakimu walizotajiwa. Kiberiti kipo katika kila zahanati. Swali la "unachoma dhahabu nyumbani?" ni la bure. Bingwa aliyesomea jijini anaweza kupitiwa asiliulize, kwa sababu wagonjwa wake hawachomi dhahabu.

Na zebaki haiko peke yake. Malaria ya ubongoni humvuruga mtu kwa siku moja. VVU na kaswende ya muda mrefu hubadilisha tabia. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu huleta mawenge, na vumbi la mawe limekifanya kifua kikuu kuwa ugonjwa wa wachimbaji. Wanaoangukiwa na mawe duarani huumia kichwa. Halafu pombe: viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, gongo haikusikia. Mchimbaji aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, akanyimwa pombe aliyoizoea kila siku, siku ya tatu anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuona nyoka ukutani. Ndugu wanaomba aruhusiwe waende naye kwa mganga. Hali hiyo ina tiba wodini, na bila tiba inaua.

Hapa ndipo hoja ya kituo inapata nguvu ambayo watetezi wake wenyewe hawaitumii. Wao husema tabibu ajifunze ushauri nasaha. Katika ukanda wa dhahabu kazi yake ya kwanza ni nyingine: kuupima mwili wa mtu anayedaiwa kuwa na kichaa. Joto, sukari, malaria, VVU, kaswende, mikono, kichwa. Kazi hiyo hawezi kuifanya mganga, wala bibi wa benchi, na ikisubiri Dodoma itakuwa imechelewa.

Fomu ya polisi

Suala moja halizungumzwi sana kwenye semina. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Aliyekunywa sumu ya kuulia wadudu wa pamba anafika kituoni akiwa mgonjwa na mtuhumiwa kwa pamoja, na ndugu wanajua kwamba habari za PF3, yaani fomu ya polisi, zinaweza kutajwa. Basi wanadanganya, wanasema alikosea chupa, na tabibu anayejua ukweli anaandika "sumu kwa bahati mbaya". Mtu anatapishwa, anaruhusiwa, anarudi kwenye deni lilelile. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo nchini mwao kinakiuka katiba. Kwetu kifungu kinafanya kazi hata pasipo kufungua kesi, kwa kuwafunga watu midomo.

Mwezi wa nne

Tukirudi kwenye jaribio la miaka ya 1980, funzo lake liko stoo. Mgonjwa wa akili aliyetulia anahitaji dawa mwezi wa pili, wa nne na wa kumi na nne. Kwa sera, wagonjwa wa kudumu wa aina hii wanasamehewa ada. Msamaha wa kitu ambacho hakipo kabatini hauna faida: anaambiwa akanunue duka la dawa, na duka la Masumbwe huuza kinachotoka, yaani antibayotiki na dawa za maumivu. Dawa za akili hazitoki upesi.

Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa kulingana na matumizi yake. Fedha zikipungua, kinachokatwa ni cha wachache. Wachache hao ni wachache kwenye karatasi tu, kwa sababu mama wa kichwa na mgongo ameandikwa UTI kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Asiyeandikwa haagiziwi dawa, na kwa kuwa dawa hazipo, tabibu haoni sababu ya kuandika ugonjwa asioweza kuutibu. Mduara huu unajifunga wenyewe, na semina hazijaugusa.

Ongeza na kuhama. Habari za rashi mpya, yaani mahali palipoonekana dhahabu, zikisikika, wachimbaji hubeba magodoro. Kijana aliyekuwa akichomwa kila mwezi Masumbwe sindano ya flufenazini, ya kutuliza kichaa, anajikuta upande wa Chunya, ambako hakuna anayejua jina lake wala dozi yake. Kliniki za VVU zilikabiliana na tatizo hilihili kwa namba ya kudumu ya mgonjwa na barua ya uhamisho, kwa sababu fedha za ndani na nje zilimwagwa huko. Mgonjwa wa akili anahama, pengine na kadi iliyolowa jasho.

Mizani

Kila upande una kipande cha ukweli, ila vipande hivyo havilingani. Kifafa, wagonjwa wa kudumu waliokwisha kutulia, na mtu yeyote aliyevurugikiwa ghafla, waanzie kituoni. Kwa hao hoja ya kituo inashinda bila ubishi, kwa masharti ya dawa na vipimo. Sonona ya kawaida pia igunduliwe kituoni, lakini kumbebesha tabibu mazungumzo ya wiki kadhaa ni kumdanganya yeye na mgonjwa. Hapo ni afadhali muuguzi mmoja au mhudumu wa jamii aliyepewa muda na mahali pa faragha. Bingwa asiwe mlango wa kuingilia. Thamani yake kubwa kwa Masumbwe iko kwenye simu: tabibu ampigie kabla ya kuanza dawa asiyoizoea, na mratibu wa wilaya awe na mafuta ya kufika kila kituo. Hilo linampunguzia bingwa heshima ya kumwona mgonjwa ana kwa ana, na wapo watakaolalamika kuwa ni tiba ya daraja la pili. Ni kweli ni ya pili. Ya kwanza haipo Mbogwe, na haitakuwapo kwa miaka mingi.

Gharama ya uamuzi huu isifichwe. Saa anayopewa mgonjwa wa akili inatoka kwenye foleni ya watoto wenye homa. Fedha ya fenobabitoni inatoka kwenye fungu lilelile la dawa ya sindano ya uzazi. Makosa ya utambuzi yatatokea, na mengine yatamuumiza mtu. Anayetaka huduma hii katika kituo cha msingi anakubali hayo, na anadai kwamba hali ya sasa, ya kamba kwenye basi na antibayotiki za kila wiki mbili, inaumiza zaidi. Kwa ushahidi uliopo, dai hilo linasimama.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na matumizi yake yanapitia kamati ya usimamizi ya kituo, ambamo wananchi wamo. Kwa hiyo mengi ya yaliyozungumzwa hapa hayahitaji waraka mpya kutoka Dodoma. Kamati inaweza kuamua kwamba dawa nne, za kifafa, za kutuliza kichaa, za sonona na ile ya kulegeza shingo, zisikatwe kwenye oda hata fedha zikiwa chache. Kwamba kila anayeletwa kwa kuchanganyikiwa apimwe mwili kwanza. Na kwamba swali la zebaki liandikwe kwenye faili. Kitakachobaki nje ya uwezo wa kamati ni kijana wa flufenazini aliyekwenda Chunya. Yeye anahitaji namba moja ya mgonjwa inayosomeka nchi nzima, na hiyo ni kazi ya wizara.